Wanataka Nimpikie Mume Wangu Chakula cha Kuagwa

Admin, naomba unifichie jina. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mzaliwa wa Kwihara, naishi Tabora mjini upande wa Kitete. Nina mume, ingawa sijui kama neno hilo bado ni langu. Nimesoma visa vya wenzangu hapa muda mrefu bila kuandika chochote. Leo yamenifika mimi.

Mume wangu ni Mzungu. Alikuja mkoani kwetu kuchimba visima, akaanzia Choma huko Igunga, na Kiswahili alijifunzia kwa wafugaji, kwa hiyo anakiongea kama Msukuma. Tulifunga ndoa bomani. Hatukujaliwa mtoto. Jamaa zetu walikuwa watu wa klabu ya wageni, nyumba ya kupanga yenye ukumbi mmoja na baraza, ambako wanunuzi wa tumbaku, madaktari, walimu na wahandisi kutoka nje walikutana kila Ijumaa. Sisi wake wenyeji tulikuwa wanachama pia.

Klabu ina desturi ambayo sijaiona kwingine. Mtu akihama Tabora moja kwa moja hupikiwa chakula cha kuagwa, na anayepika lazima awe wa nyumbani kwake kama yupo. Kabla ya kula, wenzake hutoa kiti chake nje wakampa jirani yeyote anayekihitaji. Anayeondoka hula amesimama. Akimaliza, si mwanachama tena. Ambaye hajaagwa huhesabiwa yuko safarini, hata akikaa miaka, na klabu haifungwi wakati kuna mtu yuko safarini.

Korona ilipokuja, sisi Tabora hatukufungiwa ndani. Tuliweka ndoo za maji milangoni, tukajifukiza, tukaendelea na soko. Waliofungiwa ni wao, huko kwao. Balozi ziliwaita, ndege zikawa za kugombania, ukumbi ukabaki na viti bila watu. Hakuna aliyeagwa. Mume wangu alimfuata mama yake, aliyekuwa mgonjwa. Pale stendi aliniambia, "Mayu, mipaka ikifunguliwa tu, utaniona mlangoni." Mayu ni mama kwa Kisukuma, ndivyo alivyoniita siku zote.

Tulibaki mimi na Mkenya mmoja, mhasibu, nitamwita Otieno. Kila Ijumaa tulifungua, tukafagia, tukaegemeza simu kwenye kopo la sukari, na wenzetu wakatokea kwenye kioo, mmoja jikoni kwake, mwingine kitandani. Mume wangu alipenda nimzungushie simu auone ukumbi wote. Kisha wengine wakaanza kusema hawatarudi, waagwe hivyo hivyo.

"Na huyu atakulaje amesimama?" Otieno aliuliza mara ya kwanza. "Sisi tunaona kichwa tu."

Tukamwambia asimame. Akasimama, tukaona vifungo vya shati. Tulicheka hadi nikatokwa machozi. Viti vikaendelea kutoka, kimoja kimoja.

Mama mkwe alifariki. Mipaka ikafunguliwa. Mume wangu akasema kazi, baadaye afya, baadaye akaacha kueleza. Lakini Ijumaa alitokea kwenye simu bila kukosa, na mimi nilihesabu hiyo ni ndoa.

Wiki iliyopita Otieno alinikuta ukumbini nikipiga deki. Hakukaa.

"Mama, kuna kitu jamaa amenitumia. Amesema nikupatie mimi."

"Kwa nini asinipe mwenyewe?"

"Nilimuuliza. Alirudia tu kwamba nikupatie mimi."

Akanipa simu. Ilikuwa sauti ya mume wangu, taratibu, kama mtu anayesoma: "Naomba niagwe. Sirudi. Kuna mtu ninaishi naye hapa. Sitaki kuondoka kama mwizi. Mwambie mke wangu, kama ataweza, anipikie michembe ya karanga."

Michembe ni viazi vitamu vilivyokaushwa. Ndicho chakula cha kwanza nilichompikia.

Otieno akasema na yeye amehamishiwa kwao, anasubiri tu kuagwa, na mwenye nyumba ya klabu, anayemdai yeye kodi, anataka jibu kama tunafunga. "Tumuage huyu, uniage mimi, tufunge."

"Na mimi je?"

"Wewe ni wa hapa, Mama. Wewe huagwi."

Hakuwa na ubaya. Alikuwa ananieleza utaratibu.

Nilimpigia mume wangu. "Umeshindwa kuniambia mimi?"

"Ningeanza na wewe, nisingemaliza."

Nikamuuliza kama huyo mwanamke anajua kuwa nipo. Akasema anajua, na ni huyo mwanamke aliyemwambia aniage vizuri. Nikakata simu.

Mama yangu kule Kwihara anasema nimpikie. "Mtu haondoki nyumbani kwako na njaa, mwanangu. Hata kama amekukosea." Dada yangu hataki hata kusikia. "Michembe? Akapikiwe na huyo wa huko, kama anaijua ni mdudu gani."

Nikikataa, hakuna mwingine anayeruhusiwa kupika. Kwa utaratibu wetu atabaki yuko safarini, klabu itabaki wazi kwa ajili ya kiti kimoja, Otieno atakwama kwa sababu yangu, na mimi nitakuwa mke anayemsubiri mtu aliyeshasema haji. Nikipika, nitampakulia mume wangu mbele ya simu, nitamwangalia akisimama, na nitakuwa nimemfungulia mlango kwa mkono wangu. Yeye atakula cha kwake huko. Mimi nitabaki na sahani iliyojaa, kwenye ukumbi ambao baada ya hapo si wetu.

Sitaki kuambiwa wanaume wakoje, wala Wazungu wakoje. Nimeishi na huyu mmoja, na kwa miaka mingi alikuwa mume mwema.

Ijumaa ni keshokutwa na Otieno anasubiri jibu langu. Nishaurini, ndugu zangu. Nimpikie?