Amplifaya Iliyotangaza Vifo Kanisani

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Thika, Fundi Mkuu hakunionyesha hata bisibisi. Alinionyesha mkono wake wa kushoto. "Huu unakaa mfukoni," akasema. "Ndani ya valvu kuna volti mia tatu. Ukigusa kwa mikono miwili, stima inapita kwenye moyo." Nikamwambia rinda langu halina mfuko. "Basi shona, binti. Hapa hatutaki kuzika mtu."

Valvu, kwa nyinyi mliozaliwa na simu mkononi, ni zile chupa za kioo zinazowaka ndani kama makaa. Ndizo zilizokuza sauti kabla ya transista, na wapiga gitaa walizipenda hata miaka ya tisini, wakati sisi tulikuwa tunazitoa kwenye redio kuukuu. Vipuri vilikuwa adimu, kwa hivyo duka letu lilikuwa na sheria moja: rezista, kile kipuri kidogo cha kupunguza stima, haikatwi miguu. Miguu ni zile nyaya mbili nyembamba za kulehemia. Unaziacha ndefu ili kesho kipuri kitumike kwingine. Sheria hiyo niliishika kama katekisimu.

Baada ya miaka mitatu nikapelekwa tawi la Ruiru, peke yangu kwenye benchi. Hapo ndipo Kamau, mpiga gitaa wa kanisa moja mjini, akaniletea amplifaya ya valvu.

"Sista, hii kitu itanifukuzisha kanisa! Jumapili pasta anaombea wagonjwa, spika ikaanza kusoma matangazo ya vifo!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Wazee wa kanisa walikuwa wamesema ina pepo, na Jumamosi kulikuwa na harusi.

Pepo gani! Ilikuwa redio. Mawimbi ya stesheni huingia kwa waya wa gitaa, valvu ya kwanza inayageuza kuwa sauti, zingine zinaikuza. Dawa niliijua: rezista kwenye njia ya gridi, yaani pini ya valvu inayopokea sauti. Nikaiweka, nikawasha. Mtangazaji akaendelea kusoma majina ya marehemu bila haya.

Nikampigia Fundi Mkuu simu, nikamweleza yote. "Jumamosi nakuja hapo kanisani mwenyewe," akasema. "Ikitamka neno moja, unarudi Thika kuuza betri kaunta." Akakata.

Aii, nililia. Kisha nikashikwa na hasira, na hasira ikanifaa. Nikachukua kijiti kikavu, nikaanza kusukuma nyaya moja moja. Nilipousogeza ule mguu mrefu wa rezista unaoelekea gridi, sauti ya mtangazaji ikapanda, ikashuka. Ngai! Rezista ilizuia mawimbi vizuri, halafu inchi mbili za waya baada yake zikayashika upya, mlemle ndani. Sheria ya duka ndiyo ilikuwa antena.

Nikazima, nikamaliza stima iliyobaki kwenye kapasita, nikakata miguu, nikailehemu rezista ikabana kabisa kwenye pini. Nikakwangua rangi pale tundu la gitaa linapogusa bodi ya chuma, ili erthi, njia ya kumwaga mawimbi nje, ishike. Nikawasha. Kimya kabisa.

Jumamosi Fundi Mkuu, Mwislamu wa watu, alikaa kanisani karibu na spika, kofia kwenye goti. Kamau akamwingiza bibi harusi kwa gitaa. Pasta akaita maombi. Spika haikukohoa. Wanawake walipopiga ngemi, vile vigelegele vyetu, nilipiga kuwashinda wote, na bibi harusi hata simjui!

Nje Fundi Mkuu akaniuliza, "Umekata miguu?"

"Nimekata, Mzee."

"Sheria ni yangu."

"Na makosa yalikuwa ya sheria, Mzee."

Akavaa kofia yake, akaenda zake.

Nimestaafu sasa, niko Kiganjo na kuku wangu. Nilimaliza kazi nikiwa fundi mkuu wa matawi yote mawili, na barua ya cheo ninayo, imeandikwa vizuri. Vijana wakiniuliza ni lini hasa nilipanda cheo, nawaambia ni ile Jumatatu baada ya harusi. Yule mzee alifika Ruiru kabla sijafungua duka; nilipofungua akavuta kiti, akaniwekea kikata waya mbele yangu.

"Haya, mwalimu," akasema. "Nionyeshe."