Wali wa Kaka

Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ndiye aliyenipokea London. Nililala sebuleni kwake Wembley, nikala wali wake, na Jumapili mchana tukatazama sinema za zamani za Kijapani. Alizitafsiri kwa sauti, kama wale wa vibanda vya video kwetu, anachomeka matusi yake mwenyewe, nami nacheka mpaka mbavu zinauma.

Ya Jumapili ile ilihusu jambazi asiye na kwao, anatangatanga na upanga wake. Bosi wa genge anamlaza, anampa bakuli la wali, na mila yao ni kwamba ukishakula kwa mtu, adui yake ni wako. Kulipokucha jambazi akamkata mtu ambaye hata hakumjua. Damu ikaruka ukutani. Kaka akazima televisheni.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema. "Jembe lako hili hapa."

Akanitupia mapajani spana ya kufungulia tairi. Nikadhani utani. Loo! Mkewe alikuwa amemwacha, anaishi Neasden na mwanamume mwingine. "Huyo bwana utampiga wewe. Usipompiga, usirudi kwangu." Sikuwa na pengine pa kulala. Niliogopa, nisidanganye mtu.

Tulipofika Neasden, mlango aliufungua jamaa mwenyewe, mikono imejaa unga wa chapati. Hakutujua. "Karibuni," akasema.

"Mpige!" Kaka akanisukuma. Mkono ukagoma. "Mpige, mbwa we!"

Nikaiachia spana. Kaka akaiokota, akamwinulia yule bwana, nami nikajitupa katikati. Mfupa wa mkono ulilia kabla sijasikia maumivu. Akapiga tena, begani, na tena mgongoni, huku analia machozi. "Nimekulisha! Nimekulisha, shetani we!" Kaka hakumtazama tena yule mwanamume. Alinipiga mimi mpaka majirani wakatoka wanapiga kelele, ndipo akakimbilia gari.

Shemeji, yule mke wa kaka, akatoka ndani, akanifunga mkono kwa kanga yake. Polisi walipofika, mmoja akachuchumaa, akaniuliza nani amenipiga.

"Sema umeanguka, shem," shemeji akaninong'oneza kwa Kiswahili. "Damu nzito kuliko maji."

Nilimtaja kaka. Nikataja na jina la baba yake, herufi kwa herufi, taratibu, ili polisi asikosee.