Dawa Ndani ya Kisima

Watu wanadhani kupima maji ni kuchota tu. Thubutu! Maji yaliyolala kisimani siyo yale yanayopita chini ya ardhi. Unayavuta kwanza, unayamwaga, kipimo cha chumvi kikitulia ndipo unajaza chupa. Kisha unaizika kwenye barafu na kukimbia nayo maabara kabla haijaharibika.

Safari mbili barafu iliniyeyukia nikisubiri bahari ijae boti itoke kisiwani Songo Mnara. Ya tatu niliapa sishindwi. Kule kuna bibi mmoja, kisima cha kijiji kiko nyuma ya nyumba yake, na mjukuu anayemlea haponi tumbo. Ndiye aliyewasumbua viongozi mpaka tukatumwa. Majibu yakitoka mabaya wangechimbiwa kisima kipya mbali na vyoo, maana jiwe la pale lina matundu, na uchafu wa chooni unateremka humo mpaka kisimani.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa furaha. Ndoo ya kwanza tu, harufu ikanipanda puani. Klorini. Nikamuuliza, akasema bila wasiwasi kwamba jana yake alitia ile dawa waliyoachiwa wakati wa kipindupindu. Wageni wanatoka mjini Masoko kuja kuangalia maji yake, awatolee machafu? Uso wake angeuweka wapi?

Nilikasirika, maana dawa imeshaua vijidudu nilivyokuja kuvipima. Lakini utamgombezaje mtu aliyekufagilia njia? Nikavuta maji, nikamwaga, harufu haiishi. Kipimo cha chumvi kikaanza kupanda. Ningeendelea, maji ya bahari yangeingia na kijiji kizima kingekosa hata hayo mabaya. Nikazima pampu. Nikampigia mkubwa wangu, akasema mafuta ya boti yameshateketea, nichukue hivyo hivyo, habari ya dawa niiandike pembeni. Nikaandika. Nani anasoma ya pembeni?

Majibu yakatoka: hakuna vijidudu, yanafaa kwa kunywa. Kisima kipya kikapelekwa kwingine. Niliomba tupime upya, nikaambiwa nisubiri bajeti. Mpaka leo nasubiri.

Nilikwenda mwenyewe kumweleza bibi. Nikamwambia dawa ile ilisafisha maji ya siku ile tu, uchafu bado unaingia, mtoto achemshiwe. Kumbe mwenyekiti wa kijiji alishamfikishia majibu. Akacheka, akanishika bega.

"Mwanangu, si wewe uliyeyapima? Nimeshaacha kuchemsha. Kuni zenyewe ziko wapi?"

Nikarudia, safari hii kwa ukali. Akaniangalia kwa huruma, kama vile mimi ndiye mgonjwa. Akachota kikombe, akanikaribisha kwa mikono miwili. Kumwambia usoni kwamba siyataki maji yake nilishindwa. Nikasema nimefunga sunna, uongo mtupu.

Akaniombea Mungu aipokee funga yangu. Kikombe akampa mjukuu, naye akanywa chote.