Vibanio vya Chuma vya Norris Threlfall

Norris Threlfall, fundi umeme wa Accrington, Uingereza, alikuwa na miaka hamsini na sita, goti moja bovu, na uhakika kwamba mji mzima hauna fundi mwingine. Ilipotoka kanuni kwamba waya za nyumbani zisishikiliwe na plastiki peke yake, mafundi wenzake walinung'unika. Yeye alifurahi kana kwamba ameitunga mwenyewe. Akanunua vibanio vya chuma, na kila mteja akapewa hotuba mlangoni: plastiki huyeyuka motoni, waya huanguka, askari wa zimamoto haoni kitu kwa moshi, ananaswa shingo na hatoki tena. Hotuba ilikuwa ya kweli. Tatizo ni kwamba aliitoa kama mtu aliyewahi kuungua.

Kazi za wengine alizipiga picha akazitundika mtandaoni, chini yake neno moja: "Wauaji."

Mwezi wa Mei akaja mkaguzi, kama kila mwaka, kuamua iwapo Norris aendelee kutia sahihi mwenyewe kwamba kazi zake ni salama. Akinyimwa, itambidi aombe fundi mwingine amsainie. Na mafundi wote alishawaita wauaji.

Norris akampeleka mkaguzi kwenye kazi anayoipenda kuliko zote: korido ya mjane Enid Haworth, vibanio arobaini na kimoja, vimenyooka kama gwaride.

Mkaguzi, Bronwen Prosser, alikuwa mwanamke mfupi kutoka Wales, si wa maneno mengi.

"Chuma kitupu, bibie," Norris akasema. "Lete sumaku ukitaka."

"Bisibisi inanitosha."

Akapanda ngazi, akafungua skrubu moja, kisha akachokoa tundu. Kikatoka kizibo kidogo chekundu kama pipi, kile kinachopigiliwa ukutani ili skrubu ishike.

"Hiki nini, Bwana Threlfall?"

"Ah, hicho... hicho ni cha ndani. Kila mtu anatia."

"Sijauliza kila mtu. Chuma chako kimeshikwa na nini?"

Norris akakagua dari.

"Plastiki," Enid akajibu kutoka mlango wa jikoni, birika mkononi. "Hata mimi nimeelewa, na nimeshona mapazia maisha yangu yote."

"Mama Enid, tafadhali..."

"Usiniite mama. Ulinihubiria saa nzima hapa hapa, chai yangu ikapoa."

"Plasta ya ukuta inakikinga," Norris akamwambia mkaguzi. "Ni nene."

"Nene kama biskuti." Bronwen akashuka, akaandika. "Siku thelathini. Kila nyumba uliyofanya hivi, ng'oa, tia skrubu zinazouma tofali lenyewe. Mpaka nirudi, usisaini kitu."

Akaondoka bila kugusa chai.

Norris akapanda ngazi, goti likilia, akaanza na kibanio cha kwanza. Vumbi la plasta likamwangukia kichwani. Alipofika cha tano akageuka, sauti ameishusha.

"Enid, mpenzi. Hili libaki kati yetu, sawa? Watu wa kanisani wasijue."

"Umechelewa, baba. Nilimpigia dada yangu Muriel yule mkaguzi akiwa bado juu ya ngazi."

"Muriel! Amesemaje?"

"Ameshahesabu vibanio ulivyomwekea kwake. Hamsini na vinne. Anasema uje Alhamisi kabla hajaenda bingo, uje na ufagio wako, na hotuba uiache nyumbani."