Mwezi Tuliouona Wanawake

Mwezi wa kwanza niliouona mimi ulichukuliwa na kaka yangu. Meno ya mbele yalikuwa yameng'oka na mapya hayajaota, nimepandishwa mabegani kwake hapa hapa pwani ya Wambaa, nikasema, "Ule pale!" Akanishusha kama furushi akakimbia msikitini kusema kauona yeye. Wakampa halua. Mimi nikapata kulamba kikapu chake, na mpaka leo nikila halua huikumbuka ile ladha ya ukindu.

Dini siigombi. Shahidi hutakiwa mwanamume, nimefundishwa hivyo chuoni kwenye Kurani na nimekubali. Ninachokigomba ni kutotajwa.

Skuli nilifika darasa la pili, nikatolewa nilee wadogo zangu. Lakini mwezi naujua. Sisi tunaolima mwani hatuendi kwa saa ya ukutani. Mwezi ukiandama, na tena ukishapevuka, maji hutoka mbali pwani ikabaki kavu, ndipo tunapokwenda kufunga kamba zetu. Ukikosea hesabu, unajikuta umesimama maji ya kifua na miche mkononi. Mwanamume akikosea mwezi huenda zake kulala. Mimi nikikosea, nalowa.

Mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu aliyefariki, nilikuwa nikimchukua mwanini tangu mdogo. Siku moja kaniuliza, "Bibi, maji yanajuaje kama mwezi umepevuka?" Nikamwambia kaulize skuli. Basi ndiyo kaenda kuuliza, akaendelea kuuliza, na mwaka huu kapata nafasi chuo kikuu huko bara asomee nyota na sayari. Fomu inataka saini ya mlezi, na mlezi ni mwanangu mwengine, baba yake mdogo.

"Awe nesi," akasema. "Au mwalimu. Nani kamuona mwanamke wa Kipemba analipwa kwa kutazama juu?"

"Wewe umekula kwa kutazama juu," nikamwambia.

"Mama, wewe unalima mwani."

"Kwa mwezi wa nani?"

Akacheka, lakini fomu hakuigusa. Akaichomeka nyuma ya kioo cha kabati, na ilikuwa irudishwe kabla ya wiki kwisha. Mtoto akawa anapita mbele ya kabati hatazami kioo. Msichana, na hajitazami! Hapo nikajua limemuuma.

Ikafika Shaaban ishirini na tisa, siku ya kuutafuta mwezi wa Ramadhani. Magharibi pwani imejaa watu, kila mmoja na simu yake. Wanaume wakajipanga karibu na mnazi uliopinda, wanatazama kushoto kwake, kwa sababu mwezi uliopita uliandama hapo. Ndivyo walivyo. Utadhani mwezi una kiti chake.

Mjukuu wangu mchana alikuwa amekaa na daftari, akaniambia, "Bibi, leo utakuwa kulia kwa mnazi, chini, karibu na mikoko ya kile kisiwa cha mbele. Hautakaa sana." Akawaambia na wao, kwa adabu zote. Mmoja akamjibu, "Mwanangu, sisi tumeanza kutazama mwezi kabla mama yako hajazaliwa." Wakaendelea kutazama kushoto.

Mimi nikatazama kulia. Macho haya yametolewa mtoto wa jicho, yanaona vizuri kuliko ulimi wao unavyosema. Mwembamba, kama ukucha uliokatwa.

"Umeandama," nikasema.

Wanaume wakageuka wote. Mwanangu akaja mbio. "Wapi, Mama?"

Kinywa kilikuwa kinaniwasha kumwambia. Nikakifunga.

"Mama, mwezi unazama! Wapi?"

"Muulize nesi wako."

Watu wakacheka. Yeye akamtazama mtoto wa ndugu yake, na mtoto akamtazama yeye, na mwezi hauwangojei. Mwisho akasema polepole, "Nioneshe, mwanangu." Mtoto akamshika kidevu kama anavyoshikwa mtoto anayenyolewa, akamgeuza, akamshusha kidogo. "Juu ya mkoko mrefu, Baba mdogo."

"Allahu Akbar," akasema mwanangu.

Tukafuatana naye kwa Shehe, mimi na mjukuu wangu nyuma, hatukualikwa. Shehe akauliza kauona wapi, umbo lake vipi. Mwanangu akajibu sawasawa. Shehe akashika simu apeleke habari, nami nikamwambia mwanangu kutoka mlangoni:

"Mwambie nani kakuonesha."

Kuna mtu akasema, "Bi Mkubwa, hilo si lazima." Nikamwambia mimi nimelingoja tangu sina meno, na sasa hata yale yaliyoota yameng'oka. Lazima ipi tena?

Mwanangu akainamisha kichwa. "Kanionesha huyu, binti wa marehemu kaka yangu," akasema. "Sisi sote tulikuwa tunatazama upande siko."

Usidhani nilimwacha hapo. Futari ya siku ya kwanza nilipika tambi na muhogo wa nazi, nikatandika mkeka, na mahali pa sahani yake nikaweka fomu na kalamu. Akafungua kwa tende, akanyoosha mkono kwenye muhogo, nikausogeza mbali naye. Akatia saini.

Mjukuu wangu akaniambia usiku ule ule, kwa wasiwasi, "Bibi, huko kwenye idara yao nimeuliza. Mwalimu mwanamke yuko mmoja tu."

"Basi mkahesabiwe wawili," nikamwambia. "Na ukiona kitu, useme umekiona wewe."

Fomu imeshakwenda bara, na alama ya kidole cha tende pembeni mwa saini.