Shomari Ndiye Aliyeendesha Lori Lile

Tangu juzi nafungua simu niandike, naifunga. Shomari amekufa kweli jamani? Alhamisi asubuhi nimempita pale mtaa wa Narung'ombe, kainamia cherehani ya mtu, bisibisi mdomoni, kanipungia mkono. Alasiri napigiwa simu: presha imempanda, hakufika hospitali.

Jana tumemzika Kisutu.

Mmenijazia komenti. "Pole shujaa." "Pole afande, umepoteza askari wako." Wengine mmeweka na ile picha mnayoipenda, mimi napeana mkono na jenerali wa kigeni.

Naomba mnisome mpaka mwisho. Mkono ule haukuwa wangu kupewa.

Tulikuwa nchi ya watu, kwenye jeshi la pamoja la mataifa kadhaa. Mimi sajini, Shomari koplo, dereva. Nilichukuliwa kama mkalimani kwa sababu Kifaransa nilikiokota humuhumu Kariakoo ujanani, nikiwatembeza Wakongo madukani kununua vitenge. Kwenye kikosi chetu hakuna mwingine aliyekijua.

Shomari alikuwa mtoto wa Jangwani, bondeni kule kunakofurika kila masika. Lori likizama kwenye tope wenzake wanalaani, yeye anacheka tu: "Mimi nimelelewa na mafuriko. Tope hili shemeji yangu."

Siku ya mapigano ya kilimani, askari wa nchi rafiki walizingirwa. Tukaagizwa tukawatoe majeruhi wao. Shomari kwenye usukani, mimi pembeni yake na redio, niongee nao.

Safari ya kwanza tulienda na tukarudi. Kioo hakikubaki hata kimoja.

Ya pili, risasi zilipoanza kugonga bodi, nilifungua mlango nikaruka mtaroni.

Ndiyo, niliruka. Shomari alinitazama mara moja, akaingiza gia, akaenda peke yake. Akarudi na watu. Akaenda tena mara ya tatu, mkono wa kushoto unavuja damu.

Jioni luteni wetu akaniuliza, "Sajini, ulikuwa wapi wewe?"

Sijafungua mdomo, Shomari akadakia: "Nilimshusha mimi, afande. Majeruhi walikuwa wengi, nafasi ndogo."

Alinidanganyia. Wala sikumwomba.

Kilima tulikichukua. Siku mbili baadaye jenerali aliyeongoza operesheni nzima, mtu wa hiyo nchi rafiki, akaja kambini kwetu kutushukuru. Tumejipanga gwaride, yeye anasema, mimi natafsiri. Akasema bila Watanzania vijana wake wengi wangerudi kwao kwenye majeneza. Nikatafsiri, watu wakapiga makofi mpaka basi.

Halafu akasema maneno haya, ambayo hayajawahi kutoka kinywani mwangu kwa Kiswahili:

"Kuna dereva wenu alirudi mara tatu kwenye moto kwa ajili ya watoto wa watu asiowajua. Nimekuja kumshika mkono huyo kabla ya mtu mwingine yeyote. Yuko wapi?"

Shomari alikuwa mstari wa tatu, bandeji mkononi. Ananitazama kama wenzake, anasubiri tafsiri.

Nikaogopa. Akiitwa mbele ataulizwa habari za safari ile, na kwenye habari hizo mimi niko mtaroni. Nikawageukia wenzangu: "Jenerali anasema nyote ni mashujaa!" Nikamgeukia jenerali: "Dereva yuko hospitali, mkuu. Mimi ndiye niliyekuwa naye."

Hiyo sentensi ya mwisho ilikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo inayonichoma kuliko zote.

Akanishika mkono. Picha ikapigwa.

Tulistaafu, yeye akafungua kijibanda chake cha kutengeneza cherehani, mimi nikawa napita kila Ijumaa baada ya swala. Akiniona tu anawaita wateja: "Mnamuona huyu? Jenerali mzima alimpa mkono, na mimi niliona kwa macho yangu!" Anafurahi kama sifa ni zake. Na kweli zilikuwa zake. Mimi nacheka, nakunywa kahawa yake, naondoka.

Ijumaa ngapi hizo jamani? Nilishindwa kusema hata moja.

Jana baada ya maziko nilienda kwake. Mkewe, Bi Zuhura, yuko edani, kwa hiyo nilikaa mlangoni, kaka yake akiwa pale. Nikamweleza Bi Zuhura yote, tangu mtaroni mpaka gwarideni.

Kisha akasema, "Lile kovu la mkono alituambia alijikata na bati."

"Halikuwa bati, shemeji."

"Na wewe ulikuwa unakuja hapa nakupakulia wali, unakula."

Kaka yake akaangalia chini.

Nikamwomba msamaha. Akajibu polepole, bila hata kupandisha sauti: "Mimi mume wangu nilikuwa namjua, hujanipa jipya. Nenda kawaambie uliowadanganya."

Basi nawaambia. Picha nimeitoa. Kesho navuka Magogoni niende Kigamboni, luteni wetu wa siku zile anaishi huko, mzee sasa. Nitamwambia uso kwa uso. Akinifukuza nitakuwa nimestahili.

Wenzangu wa kikosi mnaosoma hapa, siku ile niliwatafsiria uongo. Msinipe pole tena. Pole ni za Bi Zuhura na watoto.

Shomari, uliificha aibu yangu, mimi nikaificha sifa yako. Nilikuwa na lugha mbili kinywani na hakuna hata moja niliyokutendea haki. Nisamehe, ingawa najua nimekuja kuomba wakati huwezi tena kunijibu.

Pumzika, koplo wangu. Huko ulikokwenda hakuhitajiki mkalimani.