Mnara wa Mashua ya Mzee Lomuria

Msinicheke kabla sijamaliza, maana hii aibu nimeibeba tangu miaka ya tisini, na mpaka leo nikifika Longech, kule Ziwa Turkana, kuna mama mmoja wa kukausha samaki, akiniona tu analaza kichwa upande, polepole, kama mashua inayopinduka, halafu anaangua kicheko.

Wakati huo nilikuwa nachomelea vyuma Lodwar, milango na vitanda (shule niliiacha mapema, mbuzi walinihitaji zaidi), na nilikuwa namtaka Akiru, binti wa Mzee Lomuria wa Longech. Mzee alikuwa na mashua ya injini, akapata wazo la kubeba wageni wakaangalie mamba ziwani, kwa hiyo akataka reli za kushikilia pembeni na mnara wa kusimama juu waone mbali. Akaniambia, "Ekai, jenga. Ukijenga vizuri, lete wazee wako tuongee mambo ya Akiru."

Nikaenda Kakuma, soko la kambi, kwa Majok, mkimbizi wa kutoka Sudan aliyeuza vyuma. Alikuwa na mabomba mepesi ya alumini, na mengine ya chuma kizito yaliyong'olewa kwenye kisima.

"Ya mashua? Chukua hii nyepesi," akasema. "Unafunga na bolti, hata kutu haishiki."

Nikainua ile alumini kwa vidole viwili nikamuuliza, "Hii ni chuma ama bua la mtama?" Sasa ninyi mnajua sisi tunavyochagua kondoo: unashika mkia, unainua, unapima mafuta, na mwepesi unamwachia mwenyewe. Basi na mimi nikachagua chuma vivyo hivyo. Ile ya kisima ilinipinda mgongo, nikafurahi, nikamwambia Majok chuma huchaguliwa kama kondoo, kwa uzito, na hii ndiyo heshima ya mkwe!

Majok akatikisa kichwa. "Ndugu yangu, kondoo haelei."

Nikamwona mtu wa maneno mengi.

Siku ya kuonyesha, Longech nzima ikaja ufuoni, salamu za ejok huku, ejok kule, na mnara wangu umesimama mrefu, nimeupaka rangi ya fedha mpaka unaumiza macho. Mashua iliposukumwa majini ikayumba kidogo, na Mzee akiwa ndani akauliza, "Mbona inacheza?"

"Inazoea tu, baba," nikamjibu, na ili Akiru anione vizuri nikapanda mpaka juu kabisa, nikapunga mkono (kama mheshimiwa wakati wa kura, Mungu anisamehe).

Mashua ikainama kushoto. Nikaegemea kulia. Nayo ikakubali, ikaja kulia pamoja na mimi, taratibu, kama ngamia anayepiga magoti, ikatumwaga, mimi na Mzee na kofia yake ya manyoya ya mbuni. Mtu ufuoni akapiga kelele, "Mamba!" Weee! Nikaanza kulia, "Nakufa! Mwambieni mama nakufa! Akiru, usiolewe na mwingine!" nikirusha mikono na miguu, mpaka nikasikia sauti ya Mzee juu yangu, imetulia kabisa.

"Ekai. Simama."

Nikasimama. Maji yalinifika magotini.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa mchangani, na mamba mwenyewe kumbe ni gogo. Mzee akakamua kofia yake akasema binti yake hawezi kumpa mtu wa namna hii, nami nikajua basi, hapo ndipo nimezama kweli. Lakini Akiru, machozi ya kicheko yakimtiririka, akasema, "Baba, nipe tu huyu. Tukimwacha peke yake atakufa kwenye beseni la kuogea."

Ndivyo nilivyooa, kwa kuhurumiwa. Mnara niliujenga upya kwa alumini, Majok akinicheka kila bolti, na nimeapa mbele ya wajukuu: kitu nilichotengeneza kwa mikono yangu sikipandi mpaka nimeona mtu mwingine amepanda, na ameshuka mkavu.